Kumtukana mteja siyo kumkufuru Roho

Dada, tulia kwanza. Umesema ulimtukana mteja pale mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, kwa ugomvi wa bei ya dagaa, na sasa mtu kakuambia umemkufuru Roho Mtakatifu, dhambi isiyosameheka. Kakutisha bure. Soma Marko 3:22-30: waandishi (walimu wa Sheria) waliotoka Yerusalemu walijua Yesu anatoa pepo, wakadai anatumia nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Ndipo Yesu akaonya kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hasamehewi. Mstari wa 30 unataja sababu ya lile onyo: walisema ana pepo mchafu. Mtu aliyefika huko hakosi usingizi kama wewe.

Ila hujapona moja kwa moja. Waefeso 4:30 inakataza kumhuzunisha Roho, na mistari inayouzunguka inataja uongo, wizi, maneno mabaya, hasira, matukano. Mambo ya mwaloni hayo! Dagaa wameanikwa mchangani, mtu anaapa ni wa chanja, yaani walianikwa juu ya kichanja. Sado, kile kindoo cha kupimia, imebonyezwa kitako ili ipime pungufu (hilo nalo kanisani hatulisemi). Anania na mkewe Safira katika Matendo 5 walimwambia Roho uongo juu ya bei ya kiwanja tu.

Mtafute huyo mteja, mwombe radhi. Akirudi kununua, mpimie sado iliyojaa.