Katalogi ya moduli na ghala la mafaili

SWALI: Mimi ni msimamizi wa mifumo katika hospitali ya mkoa, huku nyanda za juu kusini. Tunatumia OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikusanya moduli (programu za nyongeza za mfumo huo) kutoka kwa wenzangu wa hospitali nyingine, na sasa zimefika 140 kwenye seva yetu. Nimezitengenezea ukurasa wenye kisanduku cha kutafutia, lakini watu wanalalamika hawapati wanachotaka, na wakikipata hakiwaki. Kuna kampuni imetupa bei ya kutuwekea "utafutaji wa akili mnemba". Tulipe, au nifunge mwenyewe Elasticsearch, ule mtambo wa utafutaji?

JIBU: Msilipe, ndugu yangu. Na Elasticsearch nayo iache kwanza, rekodi 140 ni chache mno kwa mtambo wa namna hiyo. SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, yenye FTS5, kiongezo chake cha kutafuta maneno, itazipitia zote kabla mtu hajatoa kidole kwenye kibodi. Hata faili moja la JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome) linalosomwa na kivinjari lingetosha.

Swali hili linanifikia mara kwa mara, na kila anayeuliza huwa amefanya jambo lilelile. Amekusanya mafaili, akayatia kwenye folda, akaweka kisanduku juu yake, akaita katalogi. Hilo ni ghala. Katalogi ni maelezo: moduli inafanya kazi gani, inahitaji nini ili iwake, nani anaitunza, na toleo lake jipya linapatikana wapi. Faili lenyewe likae kwa mwenyewe. Ukishalinakili kwako linaanza kuchakaa siku hiyohiyo, maana mwandishi atarekebisha kasoro na wewe hutajua, na anayepakua kwako ataendelea kupakua kasoro.

Fungua moja uone. Faili la .omod, ndimo moduli ya OpenMRS inamofungashwa, ni zip ya kawaida tu. Ndani yake kuna config.xml, na humo mwandishi ameandika kitambulisho cha moduli, toleo lake, toleo la OpenMRS linalohitajika (require_version) na moduli nyingine inazozitegemea (require_modules). Niliwahi kukaa na fundi wa hospitali moja ambaye moduli yake ya fomu ilikataa kuwaka baada ya kupandisha toleo la mfumo. Faili liliitwa "htmlformentry-mpya-final(2).omod". Tulipolifungua, config.xml ilitaja toleo la zamani kabisa, na moduli mbili zinazohitajika hazikuwepo kwenye seva. Jina la faili lilikuwa limebandikwa na mtu aliyelituma kwa WhatsApp. Kisanduku cha fundi yule kilikuwa kinasoma majina ya mafaili, basi. Ukikiwekea akili mnemba, kitamletea faili lilelile bovu kwa haraka zaidi na kwa gharama kubwa zaidi.

Kwa hiyo anza na skripti fupi ya Python inayofungua kila .omod, inasoma config.xml na kumwaga yaliyomo kwenye jedwali. Ni kazi ya siku moja. Jamii ya OpenMRS yenyewe ina katalogi iliyojengwa kwa mtindo huo: faili la JSON linataja kila moduli, watunzaji wake na mahali inapochapishwa, kisha programu inakwenda huko kuchukua matoleo na masharti yake. Msimbo wake ni huria, usome. Halafu jiulize kama unahitaji katalogi yako kabisa, au orodha fupi ya hospitali yenu inayoelekeza kwenye ile. Kumbuka pia kwamba moduli za sura mpya ya OpenMRS 3 husambazwa kupitia npm, ghala la mtandaoni la vifurushi vya JavaScript, wala si kwa .omod, kwa hiyo ghala lako haliwezi hata kuziona.

Sasa namba za matoleo. Usizihifadhi kama maandishi ya kawaida ukazipanga kwa alfabeti, maana 1.10 itatangulia 1.9 na watu watapewa toleo la zamani wakidhani ndilo jipya. Zikate kwenye nukta, ulinganishe kila sehemu kama namba. Kosa hili nimelikuta hata kwenye kazi za watu wenye miaka kumi kazini.

Kuna jambo gumu zaidi ambalo hakuna skripti itakayokufanyia. require_version kwa kawaida husema kiwango cha chini tu. Moduli iliyoandikwa kwa OpenMRS 1.9 inaweza kudai "1.9 na kuendelea", kumbe ukiiweka kwenye 2.x inagoma kuwaka. Mtafutaji wako anataka kujua kama itawaka kwenye seva yake yeye. Wenzetu wa WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, wana mstari wa "Tested up to" kwenye faili la maelezo ya kila programu-jalizi, na QGIS, programu ya ramani, wana qgisMaximumVersion, kwa sababu hiyohiyo. Ongeza safu ya "imejaribiwa kwenye", uijaze kwa mkono: nani kajaribu, lini, kwenye toleo gani. Isiyojaribiwa iandikwe haijajaribiwa. Safu hiyo moja ina thamani kuliko kila kitu kwenye makadirio ya ile kampuni.

Watu wako kushindwa kupata wanachotaka kuna sababu nyingine ya karibu. Muuguzi anaandika "mapokezi", maelezo ya moduli yanasema "registration". Anaandika "kuchapa vyeti", maelezo yanasema "reports". Elasticsearch haiji na kichambuzi cha Kiswahili, yaani kifaa cha kutambua mzizi wa neno, na hifadhidata ya PostgreSQL vilevile, kwa hiyo "kuchapa", "inachapa" na "uchapaji" kwao ni maneno matatu yasiyojuana. Kaa na watu wa mapokezi, maabara na dirisha la dawa nusu saa kila mahali, uandike maneno wanayotumia, uyaweke kama lebo kwenye kila rekodi. Kwa moduli 140 unamaliza ndani ya wiki.

Na hapo ndipo ninapokasirika na hawa wauzaji wa njia za mkato. Wapo wanaouza katalogi iliyo tayari, yaani mafaili waliyoyazoa kila mahali wakayapakia upya. Wapo wanaogawa moduli kwenye flashi, "hii tumeiboresha kidogo". Moduli ya OpenMRS huendeshwa ndani ya mchakato uleule wa mfumo mzima, inaweza kuisoma hifadhidata yote ya wagonjwa, na hakuna ukuta katikati. Hata njia halali ina hatari zake. Mwaka 2017 programu-jalizi ya WordPress iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa kwa mmiliki mpya, na matoleo yaliyofuata yakaja na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia tovuti. Hiyo ilipitia kwenye katalogi rasmi yenye wakaguzi, na ikaondolewa kwa sababu kulikuwa na mahali pamoja pa kuiondolea. Nakala za kwenye flashi utaziondolea wapi?

Mafaili yakibaki kwa wenyewe, kazi yako ni kuvilinda viungo. Bintray, huduma ya mtandaoni ambako moduli nyingi za OpenMRS zilikuwa zikichapishwa, ilifungwa Mei 2021, na aliyekuwa na viungo vya huko alibaki na kurasa tupu. Weka kazi ya usiku inayogonga kila kiungo, kikishindwa mara tatu mfululizo rekodi iwekwe alama na wewe utumiwe barua pepe.

Na hizo 140 ulizonazo, kabla ya yote, piga SHA-256 ya kila moja, yaani alama ya kidole ya faili inayobadilika hata herufi moja ikiguswa, uilinganishe na faili la toleo hilohilo kutoka hazina rasmi ya Maven ya OpenMRS, mahali matoleo yake yanapochapishwa. Zinazolingana, futa nakala, baki na rekodi na kiungo. Zilizotoka kwenye mifumo ya nchi nyingine, kama KenyaEMR au UgandaEMR, ziandike wazi kwamba zimejengwa juu ya fomu za wizara za huko. Zisizolingana, na zile ambazo chanzo chake hakijulikani, ziondoe kwenye seva wiki hii, ukianza na yoyote inayogusa kuingia kwa watumiaji au kutuma data nje ya hospitali.