Jina la babu halimo kwenye kompyuta ya makavazi. Nianzie wapi?

Swali: Naishi Nakuru lakini kwetu ni Alego, Siaya. Nyanya alituachia hadithi mbili kuhusu baba yake. Ya kwanza ni kwamba alichukuliwa kwenda Kariokor, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1917, asirudi. Ya pili aliisikia kwa binamu zake, kwamba hakufa, alitoroka akaishia shamba la mzungu huku Nakuru. Nilienda Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, jina lake likatafutwa kwenye kompyuta, hakuna kitu. Je, nikate tamaa? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Usikate, dada. Kompyuta ile ilipewa kazi isiyoiweza. Inasoma vichwa vya majalada tu, haisomi karatasi zilizo ndani. Jalada lililoandikwa "Wafanyakazi" au "Barua za machifu" linaweza kubeba majina kadhaa ya watu wa Alego, na kompyuta isiyajue hata moja. Kwa hivyo liweke jina la babu kando kwanza. Jiulize ni ofisi gani iliyokuwa na sababu ya kumwandika. Serikali ya mkoloni haikumwandika Mwafrika kwa kumpenda. Ilimwandika ilipomtoza kodi, ilipomchukua kazini, ilipomshtaki na ilipotaka kujua mali yake imwendee nani. Misheni nayo ilimwandika alipobatizwa.

Sasa tuanze na 1917. Mwaka huo ndio wa msako mkubwa wa wapagazi, na aliyepewa kuusimamia ni John Ainsworth, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, makao yake Kisumu. Aliijua Nyanza, na Nyanza ilitoa watu wengi mno. Amri ilitoka kwa mkuu wa mkoa (PC) ikashuka kwa mkuu wa wilaya (DC), kwa DC ikashuka kwa chifu, na chifu ndiye aliyetoa vijana. Karatasi nazo zilipita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana katika makavazi utaanza na majalada ya mkoa, yenye alama PC/NZA, kisha ya wilaya, DC/CN. Hizo herufi CN ni za Central Nyanza, na hapo ndipo wengi wanapopotea: zamani wilaya hiyo iliitwa Central Kavirondo. Ukitafuta "Siaya" katika karatasi za 1917 utatoka mikono mitupu. Tafuta Kisumu, tafuta Kavirondo, tafuta Alego.

Omba kwanza kitabu cha kumbukumbu za siasa za wilaya na ripoti za mwaka. Kitabu hicho DC mmoja alimwachia mwenzake, na ndani yake kuna machifu, koo, mipaka na ugomvi. Huenda usimkute babu yako humo, lakini utamkuta chifu wake, na bila jina la chifu huwezi kufuata orodha yoyote ya 1917. Ripoti za mwaka ni kavu, ila zitakuambia hali ya wilaya wakati ule. Zisome kwa haraka.

Jambo la tahajia sasa. Makarani waliandika walichosikia, na wengi wao hawakujua Kijaluo. Otieno anaweza kuwa Atieno, mwanamume akageuka mwanamke kwa herufi moja. Okoth akawa Okot. Isitoshe, majina yetu mengi hutokana na saa au hali ya kuzaliwa, kwa hivyo Alego nzima ilikuwa na akina Otieno. Jina moja halikusaidii. Unahitaji jina la baba yake, la ukoo na la chifu. Ukiona "s/o" katikati ya majina mawili, maana yake ni "mwana wa", na sehemu inayofuata ndiyo ya kukazia macho. Andika kwenye daftari lako namna tano au sita jina lingeweza kuandikwa kabla hujaingia chumba cha kusomea.

Kuna aina moja ya jalada ambalo watu wengi hulipita: barua kuhusu mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea. Vita vilipokwisha, pesa zao nyingi zilibaki bila mwenyewe, na Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, aliandikiana na serikali kwa muda mrefu kuhusu malipo hayo. Kutafuta warithi kulimaanisha kurudi wilayani kuuliza. Ukikuta kichwa cha jalada kinachotaja mishahara isiyodaiwa, liombe hata kama linaonekana la uhasibu tu. Mimi nimewahi kupuuza jalada la namna hiyo kwa sababu lilikuwa na kichwa cha kuchosha, nikalirudia miezi mingi baadaye nikiwa nimejaa aibu.

Usishangae pia kwamba hana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukosa jina kwenye jiwe hakuthibitishi kwamba alitoroka.

Hadithi ya pili ina ushahidi wake tofauti. Sheria ya kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha Mwafrika, ilipitishwa 1915, lakini utekelezaji ulishika kasi vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Mwanamume aliyefanya kazi kwa mzungu Nakuru baada ya hapo alibeba kipande chenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, hadi mfumo huo ulipoondolewa 1947. Kwa hiyo waulize ndugu wa Nakuru kama kuna kisanduku cha bati nyumbani. Kipande chenyewe ni ushahidi mzito kuliko simulizi ya binamu wanne. Na ukionyeshwa karatasi inayodaiwa kuwa ya 1917 huku mshahara wa mpagazi umeandikwa kwa shilingi, ishuku: wakati huo pesa zetu zilikuwa rupia, na shilingi ilikuja miaka ya mwanzo ya 1920.

Hapa ndipo nitakapokuomba uondoke makavazi kwa muda. Nenda Alego, ukae na mzee wa boma, umuulize maswali mawili. La kwanza: je, lilizikwa yago? Wajaluo, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzika tunda la yago badala yake. Kama lilizikwa, familia ilikubali kwamba amekufa, na mzee anaweza kukumbuka lilizikwa kabla au baada ya ile homa kubwa ya 1918. La pili: mkewe alirithiwa lini, na nani? Mjane hakurithiwa hivi hivi huku mumewe akijulikana kuwa hai. Mara nyingi urithi huo ulileta ugomvi wa mahari au wa watoto, na ugomvi ulifika baraza la wazee na mahakama za wenyeji, ambazo ziliandika. Huenda nyanya yako mzaa nyanya anapatikana kwenye karatasi kwa urahisi kuliko mumewe.

Usisahau misheni. Kanisa la Anglikana lilianzisha shule Maseno mwaka 1906, na wamisheni Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa tayari Kisumu. Kitabu cha ubatizo huandika mzazi. Mtoto aliyebatizwa miaka ya 1920 anaweza kuandikiwa baba aliye hai au aliyekufa, na neno hilo moja lingemaliza ubishi wenu. Zungumza na karani wa parokia kwa adabu, hana wajibu wa kukuonyesha.

Ukikuta pengo Nairobi, kumbuka moto wa 1939 uliounguza majalada mengi ya makao makuu ya serikali. Lakini barua moja ya zamani hukaa sehemu zaidi ya moja: DC alibaki na nakala yake, na PC akabaki na ya kwake. Zilizoenda Uingereza ziko Kew, kwenye makavazi ya taifa ya huko London, katika mfululizo CO 533. Kabla ya kuagiza chochote ng'ambo, maliza majalada ya hapa nyumbani, na uulize kwenye vituo vya kumbukumbu vya Kisumu na Nakuru.

Siku ya kwenda, beba kitambulisho na penseli. Kalamu ya wino haitakiwi karibu na karatasi za 1917. Nakili namba kamili ya jalada na ya ukurasa kila unapopata kitu, hata kama una uhakika utaikumbuka. Hutaikumbuka.

Kwa sasa usipande gari la Nairobi tena. Mpigie mzee wa Alego kuhusu yago, uniandikie atakachosema pamoja na jina la chifu, kisha nitakuambia majalada gani ya DC/CN uanze nayo.