Usitume arbuni ya mashua Kroatia kabla hujasoma haya

Izuie arbuni hiyo. Umeuliza iwapo cheti ulichopewa na klabu ya matanga kule Mombasa kitakuwezesha kukodi mashua Kroatia mwezi Agosti, bima ni kiasi gani, na kama watoto hulazimika kuvaa majaketi ya kuokolea maisha. Hapa nitajibu la cheti tu, kwa kuwa ndicho kilichonichuna ngozi.

Nami nilikuwa na karatasi kama yako. Wakala mmoja hapa Nairobi, aliyezipokea pesa zangu kwa bashasha kubwa, aliniambia kwamba bahari ni bahari na hakuna atakayeniuliza leseni. Baadaye nikafahamu alikoyatoa hayo: aliwahi kuishi Uingereza, ambako serikali haimdai leseni mtu anayeendesha baharini chombo chake mwenyewe cha starehe. Desturi ya nchi moja akaifanya sheria ya dunia nzima, akaniuzia kwa bei ya msimu.

Tulifika Split, mji wa bandari huko Kroatia, Jumamosi, siku ya kukabidhiana mashua. Binti wa ofisini aliitazama karatasi yangu, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akaniuliza kwa upole leseni yenyewe iko wapi. Kroatia hudai leseni ya nahodha iliyomo katika orodha inayotambuliwa na wizara yao ya bahari, pamoja na cheti cha kutumia redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini. Changu kilithibitisha tu kwamba nilihudhuria mafunzo na, nadhani, kwamba nilikula chakula cha mchana. Msinicheke sana, mtu aliyejifunzia makasia kwenye kidimbwi cha Uhuru Park hana budi kuheshimu kila karatasi yenye mhuri.

Pesa tulizokwisha kulipa hazikuwa za kurudishwa, kwa hiyo tuliajiri nahodha kwa euro 200 kwa siku, siku saba, na chakula chake juu yetu. Hizo ni euro 1,400 kabla hajala samaki hata mmoja, na samaki aliwapenda. Kwa kuwa nahodha hulala chomboni, alichukua chumba kimoja kati ya vitatu, na shemeji yangu, aliyechanga sawa na sisi sote, akalala kando ya jiko wiki nzima. Hadi leo tukikutana harusini huniita Kapteni, na neno hilo halina heshima hata chembe.

Wala usidhani kuhamia nchi nyingine kutakuponya. Ufaransa hudai leseni kwa mashua ya injini inayozidi nguvu za farasi 6, ilhali Ujerumani huvumilia hadi 15. Hata hapa kwetu, ukitoka maji ya Kenya ukaingia ya Tanzania Bara utawakuta TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na ukifika Zanzibar utaikuta mamlaka nyingine kabisa.

Kwa hiyo, piga picha pande zote mbili za cheti, uitume kwa kampuni yenye mashua, si kwa wakala, kisha uulize kwa maandishi iwapo kwa cheti hicho, kwa jina lake, utakabidhiwa chombo bila nahodha wao. Usilipe hata senti kabla hawajajibu. Wakikuandikia tu kwamba hakuna shida, uliza tena, kwa maana ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa wakala ndio niliokuwa nao kwenye simu pale Split, na yule binti hakutaka hata kuusoma.