Ndani ya gari dogo: maswali yenu kuhusu viti, dashibodi na mikanda

Safari hii maswali yenu karibu yote yameangukia sehemu moja: ndani ya gari la mfano. Nimefurahi, maana hiyo ndiyo sehemu inayoharakishwa kuliko zote. Mtu anasugua bodi hadi ing'ae, halafu ndani anapuliza rangi moja na kufunga. Wengi mnaunganisha magari ya plastiki ya skeli ya 1:24 au 1:25, yaani madogo mara 24 au 25 kuliko halisi, kwa hiyo vipimo nitakavyotaja ni vya skeli hizo. Mwenye skeli nyingine atapiga hesabu yake.

Gari ninaloliiga lina ndani nyeusi tupu. Nimepaka nyeusi kila kitu, lakini nikichungulia dirishani naona giza tu. Nimekosea wapi?

Nyeusi halisi inaua umbo. Mwanga unaoingia kwenye madirisha ya gari dogo ni kidogo, paa linauzuia, na ukishapaka nyeusi kabisa hakuna tena rangi nyeusi zaidi ya kuonyesha kivuli. Mishono, matundu ya hewa na mabonde ya kiti vyote vinazama pamoja. Anza na kijivu kizito. Tamiya, kampuni ya rangi na magari ya kuunganisha, wana rangi za XF-69 na XF-63, na zote mbili zikiwa chini ya paa husomeka kama nyeusi bila kumeza umbo. Nyeusi yenyewe iweke akiba kwa ajili ya mianya: chini ya viti, nyuma ya pedali, ndani ya matundu ya hewa.

Rangi ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine, ambayo kwangu ina uzito zaidi, ni mng'ao. Ndani ya gari halisi jeusi kuna zulia, plastiki, ngozi na mpira, vyote vyeusi, na bado jicho linavitenganisha mara moja kwa sababu kila kimoja kinarudisha mwanga kwa namna yake. Zulia halirudishi kitu. Sehemu ya juu ya dashibodi karibu haing'ai kabisa, maana ingeng'aa ingemulika kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva. Ngozi ina mng'ao wa wastani, na pale watu wanapokalia huwa imelainika ikang'aa zaidi. Kirungu cha gia na duara la usukani vimeshikwashikwa, kwa hiyo vinang'aa kidogo kuliko majirani zao. Ukiwa na vanishi tatu, isiyong'aa, ya wastani na ya kung'aa, unaweza kupaka gari zima kijivu kimoja na bado kila kitu kikajieleza.

Kwa viti fanya hivi. Rangi ya msingi ikikauka, chovya brashi bapa kwenye kijivu cheupe kidogo, kisha ifute kwenye kitambaa mpaka uone haina rangi tena. Ipitishe juu ya kingo za kiti na mishono iliyoinuka, kwa mkono mwepesi. Inatakiwa ibaki kama vumbi. Ukiona mistari ya brashi, bado ilikuwa na rangi nyingi. Baada ya hapo chukua tone la rangi nyeusi ya mafuta ya wachoraji, lizimue kwa thina yake mpaka liwe maji maji, uliguse kwenye mshono mmoja. Litakimbia lenyewe kufuata mfereji. Kazi hii ifanye juu ya rangi ya msingi ya akriliki au laka iliyokauka vizuri, na chumba kiwe na hewa inayopita.

Stika ya geji hailali. Inakaa juu ya dashibodi kama karatasi, na pembeni inang'aa.

Stika hii ya kuloweka majini usiibandike nzima. Kata kila geji peke yake, karibu kabisa na duara lake, ili ule utando usio na picha usiwepo. Kabla ya kubandika, paka vanishi ya kung'aa kwenye shimo la geji, kwa kuwa stika ikilazwa juu ya rangi yenye chengachenga hubakisha hewa chini na kuonekana nyeupe. Ikishakaa mahali pake, paka kilainisha stika, dawa inayoilegeza, na uiache. Itajikunja na kutisha kidogo, usiiguse; ikikauka itakuwa imeshika kila mwinuko.

Zungusha vanishi isiyong'aa kwenye dashibodi, kisha ndipo uweke kioo cha geji: tone la vanishi nzito ya kung'aa, au rezini inayokauka kwa mwanga wa UV, kwenye ncha ya kijiti cha meno. Guso moja katikati ya duara, liache litambae lenyewe hadi ukingoni. Ngoja stika ikauke siku nzima kabla ya tone hilo, la sivyo maji yaliyobaki chini yataleta ukungu ambao hutaweza kuufikia tena.

Kama seti yako, yaani sanduku la vipande vya kuunganisha, haina stika na namba zimechongwa kwa kuinuka, penseli nyeupe au ya fedha iliyochongwa vizuri inatosha. Ipitishe ikiwa imelala, iguse vilele tu.

Je, kila gari linahitaji mikanda ya viti? Seti yangu haina.

Inategemea mwaka wa gari. Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo, na ukaingia kwenye magari yao mwaka 1959. Marekani ilianza kulazimisha mikanda kwenye magari mapya ya abiria mwaka 1968. Kwa hiyo gari la Kimarekani la miaka ya 1950 lisilo na mikanda liko sahihi kabisa, na ukiliwekea mikanda ya begani utakuwa umeliharibu. Gari la miaka ya 1970 bila mikanda, hapo ndipo mtazamaji ataona pengo.

Upana ndio unaowaponza wengi. Mkanda wa kawaida ni karibu milimita 48, ambayo kwa skeli ya 1:24 ni milimita 2. Mikanda mipana ya magari ya mashindano ni kama milimita 75, yaani 3 na ushee kidogo. Tepu ya kufunikia wakati wa kupaka rangi inafaa sana: ina chengachenga nyembamba zinazofanana na kitambaa kilichofumwa, inapakika rangi, na unaikata kwa rula ya chuma na wembe mpya. Utepe mwembamba wa kitambaa nao unafaa, ila chagua ule usio na nyuzi nene.

Mkanda wa gari una uzito. Usiofungwa hulala kwenye kiti, hujikunja mara moja karibu na kifungio chake na kuteleza pembeni. Mkanda uliosimama hewani kama kipande cha plastiki unalifanya gari zima lionekane la bandia, hata kama vifungio ni vya shaba iliyokatwa kwa ustadi. Loanisha mkanda kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ulaze kwenye kiti, na kwa ncha ya kijiti ubonyeze pale unapopita juu ya ukingo wa mto. Ukikauka utabaki na mkunjo huo.

Zulia linatengenezwaje? Nimeona watu wana zulia lenye manyoya kabisa.

Ni unga wa nyuzi fupi, huuzwa kwa rangi nyingi. Paka kwanza sakafu rangi ile ile ya unga, ili pakibaki upenyo pasionekane. Tandaza gundi nyeupe iliyozimuliwa kidogo, chujia unga juu yake kwa chujio laini mpaka usione gundi tena, uache usiku kucha bila kuubonyeza, halafu geuza na kugonga ili uliozidi uanguke. Acha wazi zile sehemu ambazo viti na kishikio cha gia vitagundishwa, kwa sababu gundi juu ya manyoya haishiki chochote.

Pima urefu wa nyuzi. Nusu milimita kwa skeli ya 1:24 ni sawa na milimita 12 kwenye gari halisi, na hilo tayari ni zulia nene la gari la kifahari. Kwa gari la kawaida napendelea njia nyepesi: puliza rangi isiyong'aa kutoka mbali, ili matone yafike yakiwa yamekaribia kukauka na kuacha uso wenye chengachenga. Ukichungulia dirishani utaona zulia jembamba, kama lilivyo.

Naunganisha Ferrari F40. Ndani patupu mno. Nipapambe?

Hapana, tafadhali. F40 ya mwaka 1987 ilitoka kiwandani bila zulia, bila redio na bila mapambo ya milango; mlango unafunguliwa kwa kuvuta kamba. Uzuri wake uko kwenye ule utupu. Nguvu zako ziweke kwenye kitambaa chekundu cha viti, kisichong'aa, kwenye kitambaa cha kijivu kinachofunika dashibodi, na kwenye paneli nyeusi zenye msuko unaoonekana. Kamba ya mlango itengeneze kwa waya mwembamba wa shaba. Ukiipata hiyo, umemaliza.

Nataka viti vya mirabaraba vya Volkswagen Golf GTI ya kwanza. Vitapakwaje kwa mkono?

Vinaweza kupakwa kwa mkono, lakini mimi ningechapisha. Kitambaa kile cha Golf GTI ya mwaka 1976 kilibuniwa na Gunhild Liljequist, ambaye pia ndiye aliyeleta kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu, kwa hiyo usikisahau nacho. Tafuta picha safi ya kitambaa, ipunguze kwenye kompyuta hadi idadi ya miraba kwa upana wa kiti ilingane na ya picha ya gari halisi, kisha uichape kwenye karatasi ya stika. Kosa linaloonekana haraka kuliko yote ni miraba mikubwa. Hesabu miraba, usikisie.

Printa za kawaida hazichapi nyeupe, hivyo tumia karatasi ya stika nyeupe, au paka kiti rangi nyeupe kwanza. Uchapaji wa wino wa maji unahitaji kufunikwa na vanishi kabla ya kuloweka, la sivyo wino utaondoka na maji. Kisha kata stika kwa vipande vinavyofuata mishono: kipande cha mgongo, kipande cha makalio, ukingo wa mbele. Ukijaribu kukivalisha kiti chote kwa karatasi moja itapasuka pembeni. Kingo za pembeni za viti vile zilikuwa nyeusi, na hilo linakusaidia kuficha miisho ya stika.

Mwisho paka vanishi isiyong'aa juu ya yote. Stika inang'aa, kitambaa haking'ai. Ukiiruka hatua hii kazi yako yote itasomeka kama plastiki iliyobandikwa picha.

Usukani wa mbao?

Msingi wa rangi ya mchanga, ukauke. Juu yake rangi ya mafuta ya kahawia nzito, kidogo sana, ivute kwa brashi ngumu kufuata mzunguko wa duara ili nywele za brashi ziache mistari. Iache siku kadhaa, maana rangi ya mafuta haina haraka. Kisha rangi ya chungwa inayopitisha mwanga, kama X-26 ya Tamiya, itie joto na mng'ao wa vanishi ya mbao. Mikono ya usukani ipake rangi ya chuma baada ya hapo, si kabla.

Vioo vyangu vimeingia ukungu mweupe baada ya kufunga bodi. Vinasafishika?

Huo ni mvuke wa supagluu. Ukinaswa ndani ya gari lililofungwa unatua kwenye vioo na kuganda. Ukivifikia, visugue kwa dawa ya kung'arishia plastiki. Siku nyingine vioo na kila kilicho karibu navyo kishike kwa gundi nyeupe, na kama umelazimika kutumia supagluu ndani, liache gari wazi siku nzima kabla ya kufunga.

Gari langu ni la chuma, skeli ya 1:18, lilinunuliwa likiwa tayari. Naweza kuboresha ndani?

Unaweza. Mengi yamefungwa kwa skrubu chini ya chasisi. Mengine yana ribiti, na hizo hutobolewa polepole kwa keekee ndogo. Weka skrubu kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikiingia pasipo pake hutokeza upande wa pili. Ukishafungua, plastiki ya ndani ioshe kwa sabuni, kisha praima, kisha kila nilichosema hapo juu.

Kila kitu nimemaliza, na sasa bodi haikai. Dashibodi inagusa kioo cha mbele.

Kwanza angalia kama sakafu imekaa sawa kwenye chasisi. Chembe ya gundi iliyoganda chini yake inatosha kuinua kila kitu. Kama iko sawa, punguza kwa msasa upande wa chini wa dashibodi, kule kusikoonekana, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Usiguse juu. Zulia la manyoya nalo huinua viti, kwa hiyo angalia kama vichwa vya viti vinagonga paa.

Na maadamu bodi bado imefunguka, igeuze uangalie upande wa ndani wa paa. Kama bado una rangi ya bodi, paka rangi ya kitambaa cha paa cha gari halisi, mara nyingi krimu au kijivu hafifu, isiyong'aa. Itarudisha mwanga kidogo kwenye viti ulivyovihangaikia.