Milioni 10? Mi nachukua Vitz RS ya manyuo

Habari za kazi wahariri. Swali lenu la wiki hii limenigusa: ukiwa na milioni 10 tu, na huna pa kukopa nyingine, utanunua gari gani ya mtumba itakayobeba familia na mizigo ya kila siku na bado ikupe raha ukishika usukani? Najua wengi watajibu Toyota IST, na wana haki, lakini mi nina jibu lingine na nimeishi nalo mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo naomba nafasi niandike kwa urefu kidogo.

Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kibaha, kazini ni Dar, na nyumbani kwetu ni Lushoto. Hizo ndo safari za gari yangu. Na jibu langu ni Toyota Vitz RS, yaani Vitz ya kispoti, ile ya umbo la pili iliyoanza 2005, injini ya 1NZ yenye cc 1500, gia tano za mkono, yaani manyuo. Unaitafuta ya milioni 8 na kitu, hiyo hela inayobaki usiiguse, ni ya gari hiyo hiyo na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo tulikuwa na sedani kubwa ya silinda 6, siitaji jina, tuliinunua kwa sababu ya siti laini na ule mlio wake ukikanyaga mafuta. Tulitoa hela yote tuliyokuwa nayo siku ile ile. Mwezi wa pili giaboksi ikaanza kugonga ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, hatukuwa na hata laki tano ya kuigusa, gari ikakaa uani miezi minne matairi yanaisha upepo huku mi napanda daladala na mtoto mgongoni. Nilichojifunza ni kwamba ile gari haikuwa na kosa la ajabu, kosa lilikuwa hesabu. Gari ya mtumba ya bei zetu hata iwe nzuri vipi itakudai kitu ndani ya miezi mitatu ya kwanza, bushi, shokapu, matairi, betri, ukiwa umeshatumia milioni 10 yote kwenye kununua basi umenunua gari nusu.

Na msifikirie kuagiza Japani kwa hela hiyo. Gari ndogo ya zamani unaiona kwenye mtandao kwa bei ndogo mpaka unafurahi, alafu inafika bandarini, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kama imezidi miaka 10 tangu itengenezwe kuna asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Wenzetu Kenya ndo kabisa, ikizidi miaka 8 haiingii. Kwa hiyo kwa milioni 10 tunaongelea gari iliyoshatembea hapa hapa, yenye pleti ya namba C au namba D, na hapo unanunua namna ilivyotunzwa kuliko unavyonunua mwaka.

Sasa raha. Watu wengi wakisikia gari ya raha wanawaza injini kubwa, mi naona raha inatokana na gari kuwa nyepesi. Vitz RS ina uzito wa tani moja na kidogo tu, na ile 1NZ inatoa nguvu farasi kama 110, ni injini ile ile inayovuta IST na Probox, ila hapa imewekwa kwenye kigari kifupi kilichokaa chini na nyuma kina breki za diski. Ukiwa nayo kwenye kona inageuka pale pale ulipoiambia. Na gia ya mkono inakufanya uendeshe kweli, huwezi kukaa tu. Baba alinifundisha kwenye pikapu yake kuukuu nikiwa kidato cha tano, toka hapo otomatiki kwangu ni kama kubebwa.

Mfano wa karibu kabisa. Panda Mombo kwenda Lushoto, ile barabara ya kona kona inayopitia Soni, huku ukuta wa mlima huku bonde, malori ya mboga yanashuka, pikipiki zinatokea kwenye kona bila kutarajia. Pale huendi zaidi ya kilomita 40 au 50 kwa saa, gari yenye farasi 300 haina cha kukuzidi. Desemba iliyopita nilipanda na mama yangu nyuma, watoto wawili pembeni yake, buti lina debe la mchele na mabegi, na kazi yote ilikuwa gia ya pili na ya tatu, unaingia kona na ya pili, katikati ya kona unarudi kwenye mafuta taratibu, inajivuta yenyewe inatoka, unaweka ya tatu, kona nyingine hiyo. Kushuka ndo tamu zaidi maana unashikilia gia ya pili injini inazuia gari yenyewe, breki unazigusa tu, hazipati moto. Mama ambaye hutapika njia hiyo kila mwaka alifika salama, akaniuliza kama barabara imetengenezwa upya. Haijatengenezwa, ni kwamba gari haikuwa inayumba.

Haikuyumba kwa sababu ya zile hela nilizobakiza. Gari niliinunua milioni 8 na laki 2. Wiki ya kwanza tu ilienda gereji, tukaweka shokapu nne mpya, bushi za kontroli amu na stabilaiza linki (vile vyuma vya chini vinavyoshikilia magurudumu), oili ya injini na ya giaboksi, plagi, na matairi manne. Aliyekuwa nayo mwanzo alikuwa ameweka rimu kubwa zinazong'aa na tairi nyembamba kama mkanda, chini akainua springi kwa spesa, vile vipande vya kunyanyulia, ili ipite matuta, yaani gari ilikuwa inaruka kama mbuzi. Nikatoa spesa zote, nikarudisha rimu ya 15 yenye tairi nene kidogo. Fundi wangu alisikitika, akaniambia dada umeiharibia muonekano, tukaenda kuijaribu mpaka Mlandizi na kurudi, alikaa kimya alafu akasema hii sasa ni gari nyingine. Yote hayo na ufundi wake milioni 1 na laki 6. Kwa watu wenye hela kidogo nasema hivi bila kusita, shokapu na matairi mazuri yana raha kuliko redio, rimu na taa za rangi vikijumlishwa pamoja.

Halafu hakikisha tairi unalouziwa kuwa jipya ni jipya. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka 7 linaweza kuwa na kashata (yale meno ya tairi) nzuri kabisa ila mpira umeshakuwa mgumu, mvua ikinyesha halishiki.

Kuhusu kutafuta. Nilizunguka wikendi sita, Tegeta, Mbagala, Kinondoni, nikaona RS tano, kati ya hizo mbili hazikuwa RS. Zimebandikwa tu nembo nyuma. Hapa dawa ni kadi ya gari, hata kabla hujapanda basi kwenda kuiona mwambie muuzaji akutumie picha ya kadi, angalia namba ya chesisi inaanza na nini. RS ya umbo hili inaanza na NCP91. Ikianza na SCP90 hiyo ni cc 1300, ikianza na KSP90 ni cc 1000 ya silinda tatu, ni gari nzuri za mjini ila bei yake isiwe ya RS. Alafu ukifika linganisha hiyo namba na iliyopigwa kwenye bodi.

Ya tatu nilikaribia kabisa kuichukua. Nyeupe, safi, siti hazijachanika, dalali ananiita mama ananifungulia mlango, lakini maswali yote ya gari anamjibu mume wangu ambaye hata leseni hana. Nikaingia nikafungua swichi bila kuwasha, nikaangalia dashibodi. Ukifungua swichi taa zote za onyo lazima ziwake kwanza, ya oili, ya betri, ya cheki injini, ndo zizimike ukishawasha. Ya cheki injini haikuwaka kabisa. Nikazima nikafungua tena, kimya. Nikachomeka kile kimashine cha kusoma makosa pale chini ya usukani, kikatoa makosa matatu. Mtu alikuwa ametoa balbu ili taa isionekane. Nikamrudishia ufunguo tukaondoka, na dalali hakubisha.

Mengine ninayoangalia siku zote: naomba gari isiwashwe kabla sijafika, nashika boneti kwa mkono, ikiwa ya moto najua kuna tatizo la kuwaka ikiwa baridi wanalificha. Nafungua rejeta ikiwa baridi, nikikuta maji ya rangi ya kutu badala ya kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, najua injini imekunywa maji ya bomba miaka yote. Navuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, gari iliyozama kwenye mafuriko ya Dar utakuta alama ya tope kule ndani ambako muosha gari hafiki. Na naangalia mpira wa pedali ya klachi, kilomita zinarudishwa na mtu mwenye laptopu ila pedali iliyolika haidanganyi, dashibodi inasoma 80,000 na mpira umekwisha mpaka chuma, hapana.

Raha nyingine ya 1NZ ni spea, Gerezani au Ilala hukosi kitu chochote, na haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, ina cheni. Mafuta yangu ni lita moja kwa kilomita 14 hivi njia kuu, foleni ya Kimara ikiwa mbaya inashuka mpaka 11. Na manyuo ina faida ambayo watu hawaioni, wengi wanaiogopa kwa hiyo inakaa sokoni muda mrefu na muuzaji anakubali kushuka. Niliyonayo ilianzia milioni 9 na nusu.

Kuna mtu atasema Vitz ni ndogo kwa familia. Kama una watoto watatu wakubwa kweli, tafuta Toyota RunX au Allex ya 2001 mpaka 2006 yenye injini hiyo hiyo na gia za mkono, ni chache lakini zipo, nyuma pana nafasi ya miguu. Kama unabeba biashara chukua Probox ya manyuo, sitanii, ikiwa haina mzigo inachomoka vizuri sana. Na kama huwezi manyuo au ni foleni tu kutwa, basi hiyo IST ya cc 1500, iweke shokapu nzuri. Nisichokishauri kwa bajeti hii ni zile injini zilizoandikwa D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mafundi wetu wengi zinawasumbua na vifaa vyake vya mafuta ni ghali, pia gari ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, ambayo hujui aliyeitumia aliweka oili gani.

La mwisho ni makaratasi. Siku ya kulipa tulikaa kibandani kwa mama lishe na muuzaji, kijana mmoja mstaarabu, nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki kupitia simu, zikatoka faini tano hazijalipwa, 30,000 kila moja pamoja na nyongeza ya kuchelewa, alafu na deni la maegesho. Yeye mwenyewe alikuwa hajui, mdogo wake ndo alikuwa anaitumia. Akalipa pale pale kwenye simu, tukasubiri mpaka mfumo ukasoma sifuri, tukamaliza chai, ndo tukaandikishana mkataba nikatuma hela.