Sukari ya brauni na nyeupe, ipi ni ipi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni msomaji wa Dodoma mjini, nafanya mandazi. Pale soko la Majengo naambiwa sukari ya brauni ndo "asili" haijapita kiwandani, nyeupe ina kemikali. Ni kweli?

JIBU: Hapana dada, zote zimepita kiwandani. Muwa ukivunwa unatakiwa usagwe haraka maana utamu unaanza kupungua, ndo maana viwanda kama Kilombero na Mtibwa kule Morogoro, TPC Moshi na Kagera vipo katikati ya mashamba. Juisi inawekwa chokaa, uchafu unatuama chini, halafu inachemshwa mpaka inakuwa nzito na chembe zinajitengeneza, inaingizwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi sana, molasesi, ile shira nzito nyeusi, inatoka chembe zinabaki. Zikibaki na molasesi kidogo ndo hiyo brauni yako, ishike utaona inanatanata kidogo. Nyeupe inayeyushwa tena, inachujwa na kuondolewa rangi. Kuna za brauni ambazo ni nyeupe iliyorudishiwa molasesi!

Ya asili zaidi ni sukari guru, hiyo juisi inachemshwa tu mpaka inaganda, molasesi yote imo. Ila kwa mwenye kisukari hakuna ya kukimbilia hapo, zote zinapandisha sukari mwilini, na hili wauzaji waache kudanganya watu. Kwa mandazi tumia yoyote, brauni itayatia rangi zaidi.