Kuomba ruzuku ya utafiti wa saratani ya ngozi ukiwa Mombasa

Wenzangu wa kliniki za ngozi hapa Pwani huniuliza sana: pesa za utafiti wa saratani ya ngozi nianze vipi kuziomba? Maombi yangu mengine yamepata pesa, mengine yamerudi, na jibu langu halijabadilika. Anza na rejista ya kliniki yako, mfadhili baadaye.

Wafadhili wakubwa, kama Melanoma Research Alliance ya Marekani iliyoanzishwa 2007, husoma maombi mengi mno kuhusu melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) ya Wazungu inayoletwa na jua. Ukiwapelekea swali hilohilo utapambana na maabara za Australia, na hutaziweza. Wagonjwa wetu ni wengine. Ndugu zetu wenye ualbino, kwa jua hili la nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, hupata saratani usoni, masikioni na shingoni wakiwa bado vijana. Halafu iko melanoma ya watu weusi, ambayo aghalabu huota kwenye wayo au chini ya ukucha, mahali jua halifiki. Mvuvi anakuja na doa jeusi kisiginoni, kingo zimechongoka, katikati panavuja maji. Anasema alichomwa na mwiba, na duka la dawa limekuwa likimuuzia krimu ya fangasi. Swali la utafiti ni hilo hapo: alipita kwa nani kabla ya kukufikia?

Basi keti na rejista. Andika umri, sehemu ya mwili, alikaa na kidonda muda gani, na kama majibu ya patholojia, yaani ya kipande kilichosomwa maabara, yalirudi. Hata wagonjwa wako wakiwa wachache, wapitiaji wa maombi huwaamini kuliko utangulizi mrefu wa takwimu za dunia.

Vibali havina siri: kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya), leseni ya NACOSTI yenyewe, ruhusa ya kaunti na ya hospitali. Sampuli zikivuka mpaka, mkataba wake uandaliwe mapema. Na msiisahau NRF, mfuko wa taifa wa utafiti uliotokana na Sheria ya Sayansi ya 2013. Tangazo lake likitoka, lisomeni siku hiyohiyo.

Bajeti ndiyo inayonikera ninapopitia kazi za vijana. Wanaweka kompyuta na semina, wanamsahau mgonjwa. Kipande kimoja cha ngozi kinahitaji ganzi, chupa, fomalini ya asilimia 10 ya kukihifadhia, mtu wa kukipeleka maabara na malipo ya atakayesoma slaidi. Mgonjwa wa Lunga Lunga, kule mpakani na Tanzania, anahitaji nauli ya kuja, ya kurudi, na ya kufuata majibu, pamoja na ya anayemsindikiza. Na akikutwa na saratani? Andika wazi nani atampasua na nani atalipa. Kumwambia mtu ana saratani kisha ukamwacha mlangoni si utafiti, ni dhuluma, na mpitiaji makini ataliona pengo hilo.

Mwisho, sahihi ya taasisi. Ofisi ya fedha ipelekee bajeti wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kufunga, na mapema zaidi Ramadhani ikikaribia. Ukikataliwa, omba maoni ya wapitiaji kwa maandishi. Mfadhili mwingine atauliza yaleyale.